Waya wa chumba cha kuzalishia

Mwaka 1997 nilikuwa Karagwe kwenye mafunzo ya umeme jua. Gridi ilikuwa haijafika pale. Ukiona taa usiku ujue ni chemli, jenereta ya mfanyabiashara, au paneli juu ya bati. Darasa letu lilikuwa mchanganyiko: wapo tuliotoka kidato cha sita na fizikia yetu kichwani, wapo mafundi redio wa gulioni walioishia darasa la saba.

Mwalimu hakuwa na haraka ya kushika chaki. Alitupakia kwenye pikapu hadi zahanati moja yenye sola iliyofungwa na watu wengine. Taa ya ofisini iliwaka vizuri. Ya chumba cha kuzalishia, mwisho wa jengo, ilipepesa kidogo ikazima, na ncha za tyubu zilikuwa zimeshakuwa nyeusi.

“Wanangu,” muuguzi alituambia, “mama anajifungua, mie tochi nimeibana kwa meno.”

“Betri imekufa hiyo,” wenzangu wakadakia.

Mwalimu hakukubali wala hakukataa. Alimpa mita fundi redio mmoja mpole. “Pima.”

Akapima betri: volti 12.6. Akaenda hadi kule mwisho, taa zote zikiwa zimezimwa, akapima tena: 12.6 ile ile. Tukabaki tunatazamana. Betri nzima, umeme unafika, taa haiwaki! Mmoja akaanza kunong'ona kwamba labda mita ndiyo mbovu.

“Sasa washeni taa zote,” mwalimu akasema, “halafu apime tena.”

Betri ikasoma 12.4. Kule mwisho, 10.6. Kanuni ya Ohm, kwamba volti ni mkondo mara ukinzani, nilikuwa naijua tangu sekondari, nimeijibia mitihani na kupata alama zangu, lakini sikuwahi kuona volti zikipotea njiani mbele ya macho yangu. Zinapotea pale tu mkondo unapopita. Ukizima taa, waya mbovu unaonekana mzima kabisa. Ndiyo maana siku hizi nikikutana na kijana mwenye cheti cha sola alichopewa ukumbini baada ya kutazama picha za ukutani, humuuliza kwanza aliwahi kupima nini.

Tulipanda darini. Waya ulikuwa mwembamba, wa milimita moja na nusu, umezunguka jengo zima, na katikati umeungwa kwa kusokotwa na kuviringishiwa selotepu nyeusi. Fundi redio akashika kile kiungo, akatoa mkono haraka.

“Mwalimu, kinachemka!”

Kila mmoja akataka kukishika. Tulipangana foleni juu ya mbao za dari, vumbi la popo puani, kushika kiungo cha waya.

Tukavuta waya mpya wa milimita nne, tukaunga kwa konekta za skrubu na kubadilisha tyubu. Taa zote zikiwaka, kule mwisho mita ikasoma 11.9. Muuguzi alituletea chai ya maziwa na ndizi za kuchoma, akamwuliza mwalimu kama tunaweza kurudi kumtazamia na friji ya chanjo.

Jioni ile mwalimu aliandika ubaoni, kwa mara ya kwanza, V = I × R. Fundi redio akainamisha kichwa, akaitazama kwa muda.

“Kumbe hii ni ile ya zahanati.”

Mwalimu akampa chaki, akaenda kukaa kwenye kiti chake.