Ukiacha nyama, anza na sufuria ya maharage

Anayeacha nyama, maziwa na mayai kwa mkupuo mara nyingi hukwama kwa sababu moja: kaondoa kitoweo, hakuweka kitu mahali pake. Ugali na mchicha pekee havikai tumboni.

Chukua maharage vikombe 2, loweka usiku kucha, maji yale mwaga. Chemsha kwa moto mkali dakika 10 za mwanzo (maharage mekundu yasiyoiva huchafua tumbo vibaya), kisha punguza moto mpaka yaminyike kwa vidole. Nyanya na ndimu zisiingie kabla hayajalainika. Uchachu huyafanya yabaki magumu hata umalize debe la mkaa. Yakishalainika, tui jepesi litangulie pamoja na kitunguu, nyanya na bizari. Tui zito liwe la mwisho, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha. Likitokota kwa nguvu linakatika, mafuta yanaelea.

Na jamani, dagaa wa kusaga "kidogo tu" kwenye mchuzi bado ni samaki.

Madini ya chuma yamo kwenye kunde, dengu na choroko, ila chai ya rangi ikinywewa na chakula huzuia yasifyonzwe vizuri. Kamulia ndimu mezani, chai isubiri saa nzima.

Vitamini B12 haina mjadala: mimea si ya kutegemea. Upungufu unaweza kuchukua miaka kabla ya kuonekana, kwa uchovu na ganzi miguuni. Mtu mzima anahitaji takriban maikrogramu 2.4 kwa siku. Nunua vidonge duka la dawa. Wajawazito na wanaonyonyesha waongee na daktari kwanza.