Ekseli ya nyuma ya Land Rover yangu na mpango wa kuibadilisha kwa fedha kidogo

Mwezi Juni, katika korongo la mchanga kati ya Longido na Gelai, kaskazini mwa Tanzania, hafushafti ya nyuma ya Land Rover yangu, yaani chuma kinachopeleka mzunguko kutoka katikati ya ekseli hadi gurudumu, ilikatika. Nilikuwa bado natumia magurudumu ya nyuma peke yake, nikitegemea mwendo wa gari univushe. Gurudumu la kulia liliruka juu ya jiwe likizunguka kwa kasi, na lilipotua likashika ghafla. Ukasikika mlio mmoja mzito, kisha injini ikawa inazungusha propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli) bila gari kusogea. Nilibonyeza kitasa cha njano ili ekseli ya mbele nayo ipate nguvu, tukatoka korongoni kwa magurudumu ya mbele. Nalishukuru sana umbo la ekseli hizi: uzito wa gari unabebwa na nyumba ya ekseli na beringi za habu (kitovu cha gurudumu), si na hafushafti yenyewe, kwa hiyo gurudumu halikuchomoka. Tulifungua boliti sita, tukavuta kipande kilichokatika, tukaziba tundu la habu kwa mpira wa ndani wa tairi ili mafuta yasimwagike, na tukarudi nyumbani taratibu.

Fundi wangu, mzee aliyezihudumia gari hizi tangu ujana wake, alikiangalia kile kipande akaniambia, "Mwanangu, hii haikukatika siku ile. Ilianza kufa zamani." Alinionyesha meno ya ncha ya ndani, ambayo yalipaswa kunyooka lakini yalikuwa yamejisokota kama kamba. Tulipoitoa hafushafti ya upande wa kushoto tukayakuta meno yake yameanza kupinda vilevile.

Gari yangu ni Series III ya inchi 88 (umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), yenye injini yake ya asili ya dizeli ya lita 2.25, na nimeweka akiba ya shilingi milioni 1.8 kwa kazi hii yote. Marafiki kadhaa wamenishauri nianze kwa kununua loki ya difu (kifaa kinachofunga difu, yaani gia za katikati ya ekseli, ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja), kwa sababu ndiyo inayolitoa gari kwenye matope. Ushauri huo ni mzuri kwa mwenye ekseli imara, ila kwangu ungekuwa hatari, na hesabu yake ni rahisi. Injini hii hutoa nguvu ya kuzungusha ya takriban nyutoni mita 140. Ukizidisha kwa gia ya kwanza, kwa gia nzito (low range), na kwa difu yenye uwiano wa 4.7 (propela huzunguka mara 4.7 kwa kila mzunguko mmoja wa magurudumu), unapata kama nyutoni mita 5,600 kabla ya kutoa zinazopotea kwenye msuguano. Difu ya kawaida huzigawa nguvu zinazofika kwenye ekseli sawasawa kati ya hafushafti mbili, na gurudumu moja likiteleza, la pili nalo hupata kidogo. Loki huondoa kinga hiyo: gurudumu moja likishika peke yake, hafushafti moja inaweza kubeba mzigo wote wa ekseli. Zaidi ya hayo natumia tairi za 7.50-16 badala ya 6.00-16 zilizokuja na gari, na kipenyo kilichoongezeka kwa takriban asilimia 10 kinaipa ardhi mkono mrefu zaidi wa kupambana na shafti. Kufunga loki juu ya hafushafti za meno kumi zilizokwisha kuchoka ni kununua safari nyingine ya kukwama.

Kwa hiyo nimeamua kutafuta ekseli ya Salisbury, ile iliyofungwa kiwandani nyuma ya Series III za inchi 109. Difu yake ni kubwa, hafushafti zake zina meno 24, na ekseli hizo bado zinapatikana kwenye magari chakavu. Uwiano wake ni 4.7 kama wa ekseli yangu ya mbele, na jambo hili halina mjadala. Salisbury za Land Rover 110 zina uwiano wa 3.54, na ukichanganya uwiano mbili tofauti, ekseli ya mbele na ya nyuma zitashindana mara tu utakapozitumia pamoja. Kabla ya kulipa nitazungusha magurudumu yote mawili kwa pamoja mzunguko mmoja kamili na kuhesabu mizunguko ya flenji ya propela (sahani inayofungiwa propela), ambayo lazima ikaribie mitano. Nitaitikisa pia flenji hiyo juu na chini ili kupima beringi za pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu), nitamwaga mafuta na kutafuta vipande vya chuma ndani yake, na nitavuta uzi kutoka ncha hadi ncha kuona kama nyumba imepinda. Difu ya Salisbury haishuki nzima kama ile ya Rover iliyo kwenye gari yangu sasa. Kuifanyia kazi kunahitaji kifaa maalumu, hivyo nikinunua mbovu sitakuwa na fedha ya kuitengeneza.

Gharama zinazosahaulika ndizo zinazonipa wasiwasi. Kichwa cha Salisbury, pale propela inapofungwa, ni kirefu zaidi, kwa hiyo propela itakatwa, itachomelewa na kusawazishwa na mkereza vyuma anayejua kazi yake. Dramu za breki za 109 ni za inchi 11, za kwangu ni za inchi 10, na sikubali breki za nyuma ziwe na nguvu kuliko za mbele, kwani gari linaweza kugeuka ovyo kwenye barabara yenye unyevu. Nitanunua breki za mbele kutoka gari hilohilo la 109, hata kama itanibidi kusubiri miezi miwili zaidi. Sili, beringi za habu na mafuta ya EP90 vitakuwa vipya.

Siku ya kufunga nitachora kila hafushafti mstari mmoja wa rangi nyeupe ulionyooka kutoka ncha hadi ncha. Baada ya kila safari ya makorongoni nitazichomoa na kuutazama mstari huo, na ukianza kupinda, shafti hiyo haitarudi ndani.