Siku moja kwenye mashine ya kufunga nyuzi za raketi za tenisi

Saa kumi na moja alfajiri simu inalia. Ujumbe wa mchezaji: "Fundi, raketi mbili, kilo 24. Nacheza saa nne." Jana alitaka nyuzi zikazwe kwa kilo 23. Najua kilichomsibu: mipira yake ilikuwa ikitoka nje ya mstari wa nyuma. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huruka mbali kuliko alivyozoea kwao pwani. Nyuzi zikikazwa zaidi, hautupwi mbali.

Saa kumi na mbili na nusu niko klabuni, chai kwenye flaski, mashine imewekwa chini ya turubai. Wiki ya mashindano ya ITF, shirikisho la tenisi duniani, kazi yangu ni hii. Raketi moja hunichukua kama nusu saa. Nakata nyuzi kuukuu, naanza na za wima kutoka katikati kwenda nje, kulia na kushoto kwa zamu ili fremu isipinde, kisha nafuma za mlalo, moja juu, moja chini. Nyingi ni poliesta. Humsaidia mchezaji kuuzungusha mpira, ila hulegea upesi, na vumbi la uwanja wa udongo huzisaga kama msasa.

Saa tatu foleni imejaa. Kabla sijamwona mtu akipiga mpira, nishaijua bajeti yake. Wenye wafadhili huleta raketi tatu, nne, zote zifungwe upya hata kama hazijakatika. Anayejilipia huleta moja, ile iliyokatika.

Na hesabu yenyewe ni kali. Mashindano ya daraja la W15, la chini kabisa kwa wanawake wa kulipwa, yana zawadi ya jumla ya dola 15,000. Anayetolewa raundi ya kwanza hapati hata dola 200, na aliyeng'oka kwenye mechi za kufuzu haondoki na kitu. Toa hapo nauli ya ndege, chumba, chakula na mimi.

Saa saba, tukila githeri, makocha wanaanza ubishi wa kila mwaka: kipaji au bidii? Mimi huwarudisha kwenye fainali moja. Julai 2022, Wimbledon ya wasichana, wawili wawili: Angella Okutoyi wetu, aliyelelewa na nyanya yake hapa Nairobi, na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, waliwashinda Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Taibreki ya mwisho, ile ya pointi za kuamua mshindi, iliisha 11-9. Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kubeba taji la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, kisha akaenda kusoma na kucheza chuo kikuu cha Auburn, Marekani, na Machi 2024 akatwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra. Mboko, ambaye wazazi wake walitoka Kongo, alianza 2025 akiwa nje ya 300 bora duniani. Alishinda mashindano madogo kama haya yetu mfululizo, na Agosti akamfunga nyota wa Japani, Naomi Osaka, kwenye fainali ya Montreal.

Tofauti yao siku ile ilikuwa pointi mbili. Kwa hiyo mtu akiniambia wasichana wetu hawana bidii, namuuliza: Kenya ina wiki ngapi za mashindano ya kulipwa kwa mwaka, na Kanada ina ngapi? Hapo wengi hurudi kwenye githeri yao.

Saa kumi yule wa kilo 24 anarudi, soksi nyekundu kwa udongo. Ameshinda kwa seti tatu, amepata pointi moja. Nampa pole, anacheka. Ili uorodheshwe na WTA, chama cha tenisi ya wanawake ya kulipwa, lazima upate pointi kwenye mashindano matatu, au angalau 10 kwa jumla. Haya ni ya tatu kwake kupata pointi. Jina lake litaingia, huko chini kabisa, lakini litaingia.

Saa moja usiku ratiba ya kesho inatoka. Anacheza na aliyepangwa namba moja kwa ubora kwenye mashindano haya.

"Fundi, naweza kukutumia M-Pesa Ijumaa?"

"Lete zote mbili," namwambia. "Kilo ngapi?"

"24 na nusu."