Nilivyochagua Kiarabu West Point, na jinsi "nusu unakijua" ilivyonipotezea wiki sita

Ushauri uliokaribia kuniponza nilipewa hata kabla sijafungasha begi. Ami yangu mmoja, aliyekaa Maskati miaka mingi, aliniambia: "Chukua Kiarabu, mwanangu. Mswahili nusu anakijua." Vijana wa Tanga, Mombasa na Unguja bado wanaambiwa hivyo hivyo, nami naudhika kila nikisikia. Kiarabu ndicho nilichokichukua na sijuti. Ila nilikichukua kwa sababu mbovu, nikapoteza wiki sita nzima kabla ya kupata sababu nzuri.

West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani, wana lugha nane: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kijerumani, Kiajemi, Kireno, Kirusi na Kihispania. Kifaransa kina mizizi mirefu pale. Sylvanus Thayer, aliyeshika uongozi wa chuo mwaka 1817, alikuwa ametoka Ufaransa na shehena ya vitabu vya uhandisi na vita, na kadeti wa enzi hizo alisoma Kifaransa ili aweze kuvisoma. Siku hizi unachagua mwenyewe, na swali la kwanza la kujiuliza ni moja tu: nitasoma mihula miwili au minne?

Pima hivi. Chuo cha lugha cha jeshi la Marekani kilichoko Monterey, California, kinampa askari wiki 36 kwa Kihispania, Kifaransa au Kireno, wiki 48 kwa Kirusi au Kiajemi, na wiki 64 kwa Kiarabu au Kichina. Huyo ni mtu anayesoma lugha kutwa, hana kazi nyingine. Kadeti ana hesabu, fizikia, gwaride na mchezo wa lazima. Kwa mihula miwili ya namna hiyo, Kireno kitakufikisha kwenye mazungumzo ya kweli. Kiarabu kitakuacha ukisalimia na kusoma vibao vya barabarani. Kama mpango wako ni mihula miwili, na kwenu ni kusini mwa Tanzania, chukua Kireno bila kusita. Ng'ambo ya Ruvuma ndicho lugha ya ofisi na kambi, na meza, leso, bendera na gereza unazo tayari. Mimi nilikuwa na minne.

Sasa hiyo "nusu". Ni kweli maneno yapo, tena ya kijeshi hasa: jeshi, askari, silaha, amri, adui, hatari, hema. Nilikaa na kamusi nikaorodhesha zaidi ya mia nne, nikadhani nimeula. Nilichosahau ni kwamba Kiswahili kiliyapokea maneno hayo kikayalainisha. Kiarabu kina h tatu. Sisi tumezifanya moja. Hewa ina h nyepesi kama yetu. Haraka na hesabu zina h ya kooni. Habari, hatari na hema zina kh. Kadiri nilivyokuwa na maneno mengi, ndivyo nilivyokuwa na makosa mengi yaliyokwisha kuota mizizi. Mwenzangu wa Ohio, asiyejua hata neno moja, alianza safi akanipita.

Kilichonifumbua macho ni maneno matatu. Harb kwa h ya kooni ni vita. Harab kwa h nyepesi ni kutoroka. Kharab kwa kh ni uharibifu, na ndimo lilimotoka "haribu" letu. Mimi niliyatamka yote matatu sawasawa. Ofisa anayeripoti vita, akasikika anaripoti kutoroka, hana la kujitetea.

Dawa niliyoipata ni imla ya kinyume. Badala ya mwalimu kunisomea, mimi ndiye niliyesoma: maneno 30, yote nimeyatoa kwenye orodha yangu ya Kiswahili, na mwenzangu anaandika kwa herufi za Kiarabu anachokisikia, bila kuangalia midomo yangu. Tulikaa tumepeana mgongo. Mara ya kwanza aliandika 19 kimakosa, na kosa halikuwa lake. Kila Jumapili jioni tukarudia, maneno mapya kila mara. Ya kh haikunisumbua, kwa sababu nyumbani bado tunasema "sabalkheri" kwa kh yake kamili, anzia hapo. Ya kooni niliipata kwa kioo kidogo: pumua kama unayetaka kukitia ukungu ukifute, kisha bana koo hewa ikwaruze kidogo. Ukiona unatoa sauti ya mtu anayesafisha koo, umepanda juu mno, umerudi kwenye kh. Vifaa vyote, kioo, daftari na kalamu tatu za rangi, havikufika dola ishirini.

Rangi zilikuwa za kazi ya pili, na hapa ndipo Mswahili ana mali ya kweli ambayo ami hakuitaja. Neno la Kiarabu hujengwa juu ya herufi tatu, na sisi tumerithi familia nzima nzima. K-t-b imetupa kitabu, katibu, maktaba. H-k-m: hukumu, hakimu, mahakama. S-f-r: safari, msafiri. Elimu, mwalimu na maalumu ni ndugu. Nikaacha orodha ya mia nne nikaandika mizizi 15 kwa wiki: herufi za mzizi kwa nyekundu, nyongeza kwa buluu, maana iliyohama kwa kijani. Kijani usikidharau. "Rahisi" kwa Mwarabu ni bei nafuu, si wepesi wa jambo. "Tafadhali" ni ya mwenyeji anayekukaribisha ukae au ule. Ukiomba kitu, sema min fadhlik.

Mzizi ndio utakaokuokoa kwenye gazeti. Waliopita madrasa wanajiamini kusoma, lakini walizoea msahafu wenye irabu zote. Gazeti halina. Herufi k-t-b zikiwa tupu zinaweza kusomeka kataba, "aliandika", kutiba, "iliandikwa", au kutub, "vitabu". Sarufi ya sentensi ndiyo inayoamua. Na namba: sita, saba, tisa na ishirini tunazo, lakini 26 husomwa "sita na ishirini". Ukiandika tarakimu kadiri unavyozisikia, utapata 62. Kwenye viwianishi vya ramani hilo ni kosa la kilomita nyingi, kwa hiyo jizoeze kungoja namba iishe ndipo kalamu iguse karatasi.

Ukitakiwa kutaja chaguo la pili, weka Kiajemi. Kina herufi zile zile na nne za ziada, jumla 32, na hizo za ziada ni pamoja na p, ch na g, ambazo mdomoni tunazo. Waajemi nao walizichanganya h mbili kati ya zile tatu kama sisi, kwa hiyo matamshi yatakuwa mepesi zaidi kwako kuliko Kiarabu. Taabu itahamia kwenye tahajia. Hata jinsia ya nomino hakina.

Fusha, yaani Kiarabu sanifu cha vitabuni na magazetini, peke yake haitoshi sokoni. Cairo q humezwa na j inakuwa g, basi uliza mapema mwalimu wako ni wa lahaja ipi, ukae na hiyo hiyo mpaka mwisho.

Wiki ya kumi, imla ilirudi na makosa matatu tu. Yote yalikuwa ya ayn, ile sauti inayobanwa katikati ya koo, ambayo sisi tuliitupa tukabaki na irabu yake. Kwenye karatasi ya mwenzangu, neno aliloliandika vibaya juu kabisa lilikuwa "askari".