Siku moja maishani mwangu: gurudumu lisilotulia

Saa mbili asubuhi. Ndugu zangu wanaamini kwamba mtengeneza gemu hulipwa kwa kucheza, lakini leo nitashinda nikibandika na kubandua gurudumu moja. Gemu yetu humpa mchezaji chesisi (kiunzi cha gari), ekseli, injini na viti ajiundie gari, na kazi yangu ni kuhakikisha kwamba kipande kikisogezwa karibu na mahali pake kinanasa pale alipokusudia.

Barua pepe na kikao vinanifikisha saa nne.

Saa nne na robo unaingia ujumbe wa mjaribu wetu mmoja, mtu asiyejua kusifu, kwa herufi kubwa tupu: gurudumu linatetemeka, ongezeni umbali wa kunasa, yaani umbali ambao kipande huvutwa na kujibandika chenyewe. Ombi lenyewe linasikika la busara. Hata hivyo, kila kipande kina nukta za kunasia, kila nukta ina mahali na uelekeo wake, na programu hutafuta nukta mbili zilizo karibu zaidi na zinazotazamana. Ukiongeza umbali, nukta nyingi zaidi zinagombania gurudumu lilelile, na kwenye lori la ekseli tatu linaruka huku na huko. Namweleza hayo kwa adabu. Anajibu kwamba yeye ni mchezaji, mahesabu ni yangu. Nilikasirika, ingawa kwa hilo hakukosea.

Kwa kasi ya fremu (picha) 60 kwa sekunde jicho huona mtetemo tu, kwa hiyo napitisha fremu mojamoja hadi adhuhuri inapita bila chakula. Hatimaye chanzo kinaonekana. Ili kujua mchezaji anaelekeza wapi, programu hutoa mstari kutoka kwenye kamera kupitia kielekezi cha kipanya. Gurudumu likishanasa, linakaa mbele ya chesisi, na mstari unaligonga lenyewe. Programu inadhani mchezaji amehama, inaliachia, mstari unaiona chesisi tena, linanasa tena, na hivyo bila kikomo. Naamuru mstari upuuze kipande kilichoshikwa.

Mtetemo unapungua, hauishi. Umbali wa kunasa na wa kuachia ulikuwa mmoja, kwa hiyo mkono ukitikisika kidogo tu pale mpakani, gurudumu linaingia na kutoka. Sasa linanasa likiwa sentimita 20 na haliachii mpaka livuke 30. Badiliko ni la mistari michache, lakini kila nikiligusa kompyuta hulazimika kuijenga upya programu nzima, feni ya kompyuta ikivuma kama mashine ya kusaga nafaka, nami nikikodolea macho alama ya asilimia.

Jioni, sina hakika saa ngapi, mjaribu yuleyule anataka nukta zote zionekane, kama vile vitufe vya kijani vya Kerbal Space Program, gemu ya roketi iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2011. Nakataa nusu ya ombi: gari la vipande mia mbili likiwashwa nukta zote, gari lenyewe halionekani. Nitawasha zile tu zinazokubali kipande kilichoshikwa.

Kabla sijazima kompyuta anaandika kwamba gurudumu limetulia. Shukrani hakuna, ila swali: mbona la upande wa pili, linalojinakili lenyewe, limenasa likiwa limetazama ndani?