Wa Kwanza Ni Nani?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo la juma hili lilikuwa la shukrani. Nimeliweka kando, maana tangu Jumatatu silali vizuri, na siwezi kuwaandikia habari za shukrani huku moyo wangu unalia.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule ya bweni. Amekuja likizo ya Juni. Jumatatu natoa nguo kwenye tranka nizifue, chini kabisa, ndani ya sweta, nakuta daftari la Kemia. Jina la juu si lake. Ni la rafiki yake, yule mtoto aliyekuja kwetu likizo ya Desemba akakaa siku nne, akala ugali wetu, jioni akatuanzishia nyimbo kwenye ibada ya nyumbani. Nikamwita binti yangu. "Hili uliliazima?" Kimya. Nikauliza tena, akaanza kulia.

"Mama, alikuwa ananipita. Nililichukua wiki mbili kabla ya mtihani. Alilitafuta bweni zima, na mimi nikawa namsaidia kulitafuta."

Wapendwa, hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayoninyima usingizi. Nilinyanyua mkono nimchape. Akasema jambo likanikalisha kitandani: "Kila nikikuletea ripoti unaniuliza, wa kwanza ni nani."

Ni kweli. Kidato cha kwanza alishika namba ya pili kati ya wanafunzi zaidi ya sitini, akaja anakimbia na karatasi mkononi. Hongera sikumpa. Niliuliza, "Wa kwanza ni nani?" Jina la yule mtoto nililijua kabla sijamwona sura. Na Desemba ile, huku namkaribisha mgeni kwa tabasamu, jikoni nilimnong'oneza mwanangu, "Muangalie anavyosoma huyo, usilale." Daftari lilifichwa na mtoto, lakini mimi ndiye niliyemwonyesha pa kulificha.

Petro naye aliuliza swali kama langu. Ametoka kusamehewa pale ufukweni, amepewa kondoo wa kulisha, mara anageuka anamwona Yohana: "Bwana, na huyu je?" Mnakumbuka alivyojibiwa: "Imekupasaje wewe? Wewe unifuate mimi."

Ningeweza kuleta habari za Kaini aliyemuua ndugu yake, na za mfalme Sauli alipousikia wimbo wa wale wanawake waliomsifu Daudi kuliko yeye. Mnazijua. Ngoja niseme za kwangu.

Nilipokuwa kidato cha nne, kaka yangu alinitumia kwa basi bahasha ya mitihani ya Hisabati ya miaka iliyopita, pamoja na majibu. Mwenzangu wa kitanda cha juu alijua naisubiri. Akaniuliza, "Zimefika?" Nikamwambia bado. Nilizisoma chooni kwa tochi, usiku, wenzangu wamelala. Mimi Hisabati nilifaulu, yeye akafeli. Kama zile karatasi zingemwokoa, Mungu ndiye ajuaye. Lakini huyo ndiye aliyekuwa akinigongea kitanda kila siku saa kumi alfajiri twende kusoma, na hata asubuhi ya siku ile niliyomdanganya aliniamsha. Nimeokoka miaka mingi, nimetubu mengi mbele za watu, na hilo sijawahi kulitamka mpaka leo.

Sasa nataka tumwangalie Danieli. Tumezoea kumhubiri wa tundu la simba, tunamsahau Danieli mwanafunzi. Yeye na Hanania, Mishaeli na Azaria walikuwa vijana wanne waliotolewa kwao, wakawekwa katika masomo ya miaka mitatu Babeli, mwisho wasimame mbele ya mfalme awahoji. Sura ya pili, swali limetoka: mfalme ameota ndoto, anataka aambiwe ndoto yenyewe na maana yake, na anayeshindwa anakatwa vipande vipande. Danieli alifanya nini? Alikwenda nyumbani kwake akawaeleza wenzake watatu. Swali lenyewe aliwapa! Wakaomba pamoja. Usiku ule siri ikafunuliwa kwa mmoja tu, kwa Danieli. Hapo ndipo mtu hupimwa, jibu likiwa mkononi mwako peke yako na wenzako wamelala. Lakini isomeni ile sala yake ya shukrani mpaka mwisho. Anasema "umetujulisha". Umetujulisha, wakati siri alifunuliwa yeye peke yake! Na alipokwezwa, aliwaombea wenzake kwa mfalme, nao wakawekwa juu ya mambo ya wilaya ya Babeli. Vijana wetu, msomao haya kwenye simu za wazazi likizo hii, nawasihi kwa jina la Yesu: ukiielewa topiki, mwite mwenzako. Ukipata pamfleti nzuri, mtolee nakala. Ukikuta diskasheni, usikae kimya ukivuna ya wenzako na kuyaficha ya kwako. Ulichopewa usiku, kitaje asubuhi kwa wingi: umetujulisha.

Na tena, hesabu yenyewe haitudai tufanyiane hivi. Mtihani wa kidato cha nne hapa Tanzania, alama 75 na kuendelea ni A. Darasa zima likipata 75, darasa zima lina A. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, na mwenzako akilipata, la kwako bado lipo. Najua kwenda kidato cha tano nafasi ni za kugombania, hasa tahasusi za sayansi. Hata hivyo daftari la mwenzako chini ya tranka haliongezi alama hata moja kwenye karatasi yako.

Wazazi wenzangu, na hapa naanza na mimi. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, halikutaja wanafunzi bora kitaifa wala shule bora kama tulivyozoea. Nilisema amina. Kumbe ile orodha nimeihamishia sebuleni kwangu! Na kanisani pia tumo. Siku ya kuwaombea watahiniwa tunawawekea mikono, tunapaza sauti, "Wawe kichwa wala si mkia!" Jamani, mwanangu akiwa kichwa, mkia ni mtoto wa nani? Si wa yule mama tunayekaa naye benchi moja? Neno lile la Kumbukumbu la Torati 28 liliambiwa taifa zima limesimama pamoja, na watoto wao na wageni wao. Halikuambiwa mtoto mmoja juu ya mwenzake wa dawati moja. Tumelikatakata tukampa kila mtoto kipande cha kumpigia jirani yake, halafu tunashangaa wakitoka bwenini hawasalimiani.

Jumatano nilimpigia simu mama wa yule mtoto. Nilijiandaa kutukanwa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Dada, mimi nilimchapa kwa kulipoteza hilo daftari." Tukalia wote wawili, kila mtu na simu yake sikioni.

Jumamosi tunakwenda kwao, mimi na binti yangu. Daftari amelijaladia upya kwa karatasi ya kaki, hakuna aliyemwambia alijaladie. Na yule mwenzangu wa kitanda cha juu, namba yake niliipata jana kwa mtu tuliyesoma naye. Nimeiandika kwenye ukurasa wa nyuma wa Biblia yangu. Bado sijapiga. Mniombee.