Fungu la Mlinzi

Leo nimerudi kutoka pwani na ndoo ya makombe ya baharini, simu yangu, ufunguo wa pikipiki na viatu vyangu vyote viwili, na kwa kuwa iko siku niliyorudi na ndoo peke yake, nimeona niyaandike haya kabla sijaoga chumvi.

Mimi ni mwalimu hapa Mtwara mjini, lakini pwani niliijua kabla ya kuijua chaki. Nilipokuwa na umri wa miaka 7, Mama Mkubwa, dada yake mama, alikuwa akinichukua kwenda ng'ambo kuchokoa makombe, yaani kuwachimbua mchangani wale viumbe wa kuliwa wenye magamba mawili, enzi hizo kwa mtumbwi. Siku hizi tunavuka kwa kivuko cha MV Mafanikio hadi Msangamkuu, kisha tunaendelea kwa pikipiki kwenye mchanga mpaka mahali ambapo nyumba zimekwisha na imebaki minazi, mikadi na upepo. Jina la mahali penyewe nitalihifadhi. Tangu mwaka 2000 pwani yote hiyo, kuanzia rasi ya Msangamkuu hadi mdomo wa Mto Ruvuma, imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na wenyeji wanaendelea kutafuta riziki yao humo kwa utaratibu uliowekwa; lakini silifichi jina kwa sababu ya hifadhi, nalificha kwa uchoyo tu, kwani makombe hayaongezeki kwa kutangazwa.

Anayetaka makombe huutazama mwezi kabla ya kutazama saa. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo yanapokuja maji ya bamvua, ambayo hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kuzidi mita 3. Kati ya bamvua moja na jingine huwa maji mafu, na siku hizo ni afadhali mtu abaki nyumbani afue nguo. Jambo ambalo limenistaajabisha maisha yangu yote, ingawa sijawahi kumpata mwanafunzi wa kustaajabu pamoja nami, ni kwamba kwetu maji ya bamvua hupwa kabisa wakati ule ule miaka nenda miaka rudi, yaani kwenye saa 4 au saa 5 asubuhi, na tena saa kama hizo usiku, kisha kila siku inayofuata huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Maana yake ni kwamba si sisi pekee tunaojua tutakuwa wapi. Mtu yeyote aliyekulia pwani, akiuona mwezi dirishani akiwa kitandani, anaweza kukadiria ni saa ngapi kesho wanawake watakuwa wameinama mbali na ufuko, wameipa nchi kavu mgongo, vitu vyao vikiwa chini ya mti.

Kombe halionekani, linasomwa. Aina tunayoitafuta zaidi ni ile nene, yenye mifuo mgongoni kama bati, ambayo hukaa chini kidogo tu ya mchanga wenye tope, hasa panapoota majani ya bahari. Linapokuwa limefumbuka ili kuvuta maji, huacha juu ya mchanga ufa mwembamba, mfano wa jicho la mtu anayejifanya amelala. Ukikanyaga karibu, hufumba ghafla na ufa hupotea, au maji huruka kidogo, na mahali hapo mchanga hubadilika rangi kwa muda usiozidi wa kutamka bismillahi. Hapo ndipo unapochomeka chuma. Mama Mkubwa ana kipande cha nondo kilichopindwa ncha, ambacho ni kikongwe kuliko ndoa yangu. Mimi natumia kisu kilichokatika. Chuma kikigusa jiwe hulia kikavu, lakini kikigusa kombe mkono hupata mtikisiko mdogo, kama mtu aliyegongwa hodi kutoka ndani. Kusi likivuma, maji yaliyobaki juu ya mchanga hujaa vikunjo na alama zote hupotea, kwa hiyo siku hizo tunatafuta kwa unyayo zaidi kuliko kwa jicho, tukiburuza miguu badala ya kuinyanyua, jambo ambalo pia humpa taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, nafasi ya kujiondokea kabla hajakanyagwa.

Tarehe 13 Agosti 2022, Jumamosi, siku moja baada ya mwezi mpevu, Mama Mkubwa alikuwa na homa, nami nikaenda na mwalimu mwenzangu ambaye kwao ni Njombe na alikuwa hajawahi kuchokoa ardhini kitu kingine zaidi ya viazi. Tulikuwa wawili tu. Niliegesha pikipiki nyuma ya mikadi, nikatia ndani ya mkoba simu zetu mbili, ufunguo, fedha kidogo na kitambulisho changu cha Taifa, kisha nikachimba shimo lenye kina cha mkono hadi kiwiko, nikauzika mkoba, nikasawazisha mchanga kwa kiganja na kuweka makuti mawili juu yake. Nilijiona mjanja. Nilihesabu hata hatua kutoka kwenye shina, nisije nikapasahau.

Tulichokoa kwa muda wa saa 2 na zaidi, na nakumbuka tulicheka sana. Mwenzangu alipasua kombe moja kwa hamu ya kuona lilivyo ndani, akaona vidole vyake vimelowa damu, akaanza kukagua mkono wake akitafuta jeraha. Nilimweleza kuwa damu ile ni ya kombe lenyewe. Aina hii ina himoglobini, kitu kinachoipa damu yetu wekundu, ile ile anayoifundisha yeye darasani kila mwaka, ilhali jamaa zake wengi wa baharini hawana. Alilishika lile kombe kwa heshima tangu hapo, na sina hakika kama jioni alilila.

Tuliporudi ufukoni, shimo lilikuwa wazi. Makuti yalikuwa yamewekwa kando, moja juu ya jingine, kwa adabu kabisa. Viatu tulivyoviacha mzizini havikuwapo. Pikipiki ilikuwapo, kwa kuwa magurudumu yake yalikuwa yamezama na kuisukuma kwenye mchanga ule si kazi ya mtu mmoja. Nilipiga magoti nikatazama. Palikuwa na nyayo za miguu mitupu, na kando ya nyayo palikuwa na matundu madogo ya chuma, matatu: la kwanza hatua moja kutoka shinani, la pili karibu zaidi, la tatu kwenye ukingo wa shimo langu. Nikaelewa, na damu ikanipanda usoni kwa aibu kuliko hasira. Mchanga wa juu pale ufukoni ni mweupe na mkavu. Mimi nilikuwa nimetoa wa chini, ulio mbichi na wenye weusi kidogo, nikautandaza juu. Mchanga wa jirani ulikuwa na vikunjo vya upepo na nyayo za kaa, bali wangu ulikuwa laini kama kitanda kilichotandikwa, na pembe zake zilitokeza kwenye ncha za makuti. Nilikuwa nimeacha ufa. Yule mtu alikuwa mchokoaji kama mimi, pengine bora kuliko mimi, akachomeka nondo mara tatu, mkono ukamjibu.

Yaliyofuata ni ya kuchosha tu: kukokota pikipiki pekupeku juani, kuazima simu ili kufunga laini, kuandikisha taarifa ya upotevu, kusubiri kitambulisho kipya. Sikupata chochote, wala sikutegemea kupata.

Jioni ile nilikwenda kumjulia hali Mama Mkubwa. Alikuwa amekaa mkekani, kanga imefunika mabega, homa imepungua. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza mbona macho yangu yamevimba, nikamsimulia yote.

"Uliuzika?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Mchangani?"

"Mchangani."

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Mwanangu, pwani ile kila mtu anakula kwa kuchimbua. Wewe ukaenda kuchimbia!" Kisha akanyamaza, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Nani alikaa?"

Sikumjibu, kwa sababu mara moja nilikumbuka. Katika kundi lao la zamani, wanawake wanane au tisa wa mtaa mmoja, hakuna siku waliyokwenda wote majini. Mmoja alikaa. Mara nyingi alikuwa mjamzito, au aliyejifungua karibuni, au mwenye magoti mabovu, au mimi na watoto wenzangu tukiwa chini ya mtu mzima mmoja. Aliyekaa alilinda nguo, vyakula na watoto, na aliyatazama maji. Hili la maji wengi hulisahau. Mtu aliyeinama haoni bahari inavyogeuka, na pale tunapochokoa maji hayaanzi kurudi kwa mbele, bali hupitia mkondo ulio kati yetu na ufuko, kwa hiyo unaweza kuwa umesimama pakavu huku njia ya nyumbani imeshakuwa kifuani. Aliyekaa aliona mkondo ukianza kung'aa, akainuka, akapunga kanga. Waliporudi, kila mmoja alitoa makombe kutoka kwenye kapu lake, hayo yakawa fungu la mlinzi, nalo lilitolewa kabla ya mtu yeyote kuhesabu lake. Nikiwa mtoto nilidhani ni sadaka. Kumbe ulikuwa ujira.

Nimewasikia wengi wakilalamika kwamba vijana wa vijiji vya pwani wameharibika na siku hizi huwezi kuacha hata kandambili. Huenda wana haki yao. Lakini mimi naona tulianza wenyewe, siku tulipopata pikipiki na kuanza kwenda wawili wawili, kila mmoja akitaka kuchokoa na hakuna anayetaka kukaa, kwa kuwa kukaa hakujazi ndoo. Tulimwachisha kazi mlinzi, tukala fungu lake, kisha tukashangaa kuibiwa.

Hata baada ya hapo sikujifunza upesi. Novemba ya mwaka huo huo nilichokoa mengi kuliko nilivyoweza kubeba, nikayatia kwenye kiroba na kukifunga kwa kamba kwenye mzizi wa mkoko, ndani ya dimbwi, ili yalale humo yakitema mchanga na niyafuate siku ya pili. Siku ya pili nilikuta kamba. Ilikuwa imefunguliwa, haikukatwa, na fundo langu hulifunga kwa namna ambayo si kila mtu huliweza. Nilitaka kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kutaja ninaowashuku, lakini Mama Mkubwa alinikataza, akasema kwamba makombe yaliyolala baharini bila mtu ni ya bahari, na bahari imempa mwingine. Sikukubaliana naye wala sikubaliani naye hadi leo. Lakini tangu siku ile makombe yangu yanalala jikoni kwangu, ndani ya ndoo ya maji ya bahari niliyoyabeba mwenyewe, na asubuhi nakuta mchanga umetuama chini, ndipo nayachemsha na kutupa yale yaliyokataa kufumbuka.

Sasa tunakwenda watano. Simu inabaki nyumbani, isipokuwa moja, ambayo hukaa kwenye kikopo cha plastiki chenye kifuniko cha kuzungusha, kimefungwa kiunoni mwangu ndani ya kitenge. Pikipiki tunaziacha uani kwa mama anayekaanga maandazi karibu na nyumba za mwisho, naye ana fungu lake. Na ufukoni anakaa Bibi mmoja jirani yake Mama Mkubwa, ambaye magoti yamemgomea lakini macho yake yanaona kivuko kabla ya sisi kusikia mlio wake. Mara ya kwanza nilipomletea mkoba nilikuwa bado na mawazo ya kuuficha mahali, hata nyuma ya mti. Bibi aliuchukua, akauweka juu ya mkeka wazi wazi, akaukalia.

Leo saa 5 kasoro robo ndiye aliyetupungia kanga, wakati mimi nilikuwa nimepata mahali pazuri na nilitamani nijifanye sijaona. Tulipovuka mkondo maji yalikuwa magotini. Vijana wawili nisiowajua walikuwa wamepita ufukoni wakati tukiwa mbali; Bibi alisema walimwamkia, akaitikia, akawauliza wao ni wa nani, wakamtajia, akawaambia anawajua bibi zao, wakaenda zao.

Tukaketi kutoa fungu lake. Kila mmoja alihesabu makombe 20 na kuyamimina kwenye kapu la Bibi, nami nilifanya hivyo haraka haraka kwa kuwa jua lilikuwa limekuwa kali. Bibi hakusema neno. Alichukua makombe yangu mawili mawili, akawa anayagonganisha karibu na sikio, akiyarudisha kapuni moja baada ya jingine, mpaka akafika kwenye moja, akaligonga tena, akalipima kwa kiganja, akaninyooshea.

"Hili limekufa, limejaa tope, Mwalimu," akasema. "Nipe lingine."